KORODANI HAISUBIRI JUMATATU!

Ndugu msomaji, leo tuweke aibu kando. Ukiona naandika matusi, funga gazeti. Lakini kama una mtoto wa kiume nyumbani, soma mpaka mwisho.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 15. Ijumaa moja, saa 5 usiku, aliamka analia, kashika tumbo la chini na kutapika. Aliona haya kusema kwamba kinachouma hasa ni korodani. Mama alipojua, akasema ni ngiri, akachemsha mizizi. Asubuhi zahanati hawakumvua hata suruali. Waliuliza tu, "Umelala na nani?" wakamdunga sindano ya kisonono. Jioni tukakimbilia hospitali. Jibu: daktari wa upasuaji yupo Jumatatu. Jumatatu hiyo walitoa korodani iliyokwisha kufa.

Kumbe ilikuwa imejisokota! Korodani huning'inia kwenye kamba yenye mishipa ya damu. Kamba ikijipinda, damu haipiti. Ikinyooshwa kabla ya kupita saa 6 tangu maumivu yaanze, mara nyingi huokolewa. Yakipita masaa 24, ni bahati.

Wanaopatwa zaidi ni vijana wa miaka 12 hadi 18, ingawa watu wazima nao hawajasalimika. Dalili ni maumivu ya ghafla ya upande mmoja, kutapika, na korodani kupanda juu. Kisonono na klamidia huleta maumivu pia, lakini hayo kwa kawaida huja polepole, pengine na homa au mkojo kuunguza, na dawa yake ni vidonge na sindano. Penye shaka, kijana apasuliwe. Picha ya ultrasaundi ni msaada, si kisingizio cha kuchelewesha kisu. Operesheni yenyewe ni fupi: kamba inanyooshwa, kisha korodani zote mbili zinashonwa zisijisokote tena.

Sasa najiuliza: vigogo wakiugua hupanda ndege kwenda ng'ambo, sisi walalahoi tunaambiwa Jumatatu. Hatuombi mashine za mabilioni. Tunataka mtu wa zamu anayejua kupasua, hata usiku wa Jumamosi. Kodi tunalipa siku zote saba!

Nawe mzazi, usingoje serikali. Mwambie mwanao leo hii: pakiuma hapo, asinyamaze mpaka kukuche.