Uchambuzi: Je, dawa ya saratani huleta saratani nyingine?

Maneno haya husikika kwenye daladala na vijiweni: "Usikubali hizo dawa. Zitakutoa saratani moja zikuletee nyingine." Yana ukweli kiasi gani? Leo tunajibu kwa kuangalia ugonjwa mmoja adimu, ambao wagonjwa wake wamefuatiliwa kwa miaka mingi.

Ni ugonjwa gani?

Ni lukemia ya seli zenye nywele, saratani ya damu inayokwenda polepole. Jina limetokana na chembe nyeupe za damu ambazo, zikitazamwa kwa darubini, huonekana kama zina vinyweleo. Huwapata zaidi wanaume wa umri wa makamo. Mgonjwa huchoka, hupata maambukizi mara kwa mara na bandama huvimba. Huku kwetu bandama ikivimba wengi hufikiria malaria, kwa hiyo vipimo vya damu ni muhimu.

Daktari Bertha Bouroncle na wenzake wa Ohio, Marekani, waliueleza kwa kina mwaka 1958. Enzi hizo tiba kuu ilikuwa kuondoa bandama, na wengi waliishi miaka michache tu. Mwaka 1990 watafiti wa California waliripoti mafanikio ya dawa ya kladiribini. Dripu ya siku saba, mara moja tu, iliwapa wengi nafuu ya miaka mingi. Kwa baadhi ugonjwa hurudi, lakini mara nyingi hutibika tena.

Takwimu zinasemaje?

Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 3,104 wa Marekani. Walilinganishwa na watu wengine wa umri kama wao. Pale zilipotarajiwa saratani 100, zilionekana takriban 124.

Tuisome hesabu hiyo vizuri. Haisemi kwamba kila aliyetibiwa atapata saratani nyingine. Zile 100 zingetokea hata kama watu hao wasingeugua lukemia, kwa sababu saratani huongezeka kadiri umri unavyosonga. Nyongeza ni zile 24. Zilizoongezeka zaidi ni saratani za tezi za limfu na ya tezi ya thairoidi. Tafiti nyingine hazikuona nyongeza yoyote.

Dawa ndiyo ya kulaumiwa?

Si rahisi kusema hivyo. Ugonjwa wenyewe hudhoofisha kinga ya mwili, na kinga dhaifu huipa saratani nafasi. Dawa nayo hushusha kinga kwa muda. Tena, anayehudhuria kliniki kila mara hupimwa zaidi, hivyo uvimbe mdogo hugunduliwa mapema. Kutenganisha sababu hizi ni kazi ngumu.

Kilicho wazi ni kwamba anayehitaji tiba akaikataa anabaki na ugonjwa unaoweza kumuua kwa maambukizi au kutokwa damu. Kukimbia hatari ndogo ya kesho kwa kuikumbatia kubwa ya leo si busara.

Aliyetibiwa afanye nini?

Ushauri huu unawafaa wengi waliowahi kutibiwa saratani yoyote:

- Tunza kadi na majibu ya vipimo, hata miaka 20 baadaye. Ukienda zahanati nyingine, mweleze mhudumu ulitibiwa nini na kwa dawa gani.
- Usiache kliniki kwa sababu unajisikia mzima.
- Ukipata homa, hasa miezi ya mwanzo baada ya dawa, nenda hospitali siku hiyohiyo.
- Uvimbe shingoni, kwapani au kwenye kinena, kidonda kisichopona, au kupungua uzito bila sababu, ni mambo ya kumwonyesha daktari.
- Acha tumbaku, na uliza kuhusu chanjo zinazokufaa.

Kwa hiyo, msikilizaji wetu, ukikutana na maneno yale kijiweni, jibu unalo: hatari ipo, ni ndogo, na dawa yake ni kufuatiliwa. Mwenye swali kuhusu tiba yake amuulize daktari wake kabla ya kuamua kuiacha.