Deni la Kumbukumbu

MIZANI
Na Mwinyi Kombo

Katika malalamiko yote yanayofikishwa kwa mafundi wa kompyuta katika miji yetu, hakuna linalotolewa kwa uchungu mwingi na kwa ushahidi mchache kama lile la kompyuta kuwa nzito. Na aghalabu dawa hutolewa kabla maradhi hayajajulikana, kwani fundi husema kumbukumbu ni ndogo, mwenye mali hutoa fedha ili iongezwe, na baada ya muda si mrefu uzito ule ule hurejea kana kwamba haukuondoka. Wiki hii nataka tumtazame mkosaji mmoja ambaye wengi hawamdhanii, nayo ni programu ya kuchezea muziki, ile inayofunguliwa asubuhi, ikafichwa nyuma ya madirisha mengine, na kufikia alasiri ikawa imeshika gigabaiti nzima ya kumbukumbu, ilhali haikuagizwa kazi nyingine isipokuwa kuimba. Rai yangu ni kwamba kumbukumbu ya kompyuta ni amana ya mwenye kompyuta: programu inayoikopa ina dhima ya kutoa hesabu, na mwenyewe ana wajibu wa kuidai hesabu hiyo kwa vipimo badala ya manung'uniko.

Tuanze na gharama ya sauti yenyewe, maana asiyejua bei ya kitu hawezi kujua kama amepunjwa. Kwa kanuni ya CD, ambayo kampuni za Philips na Sony ziliiafiki mwaka 1980, sauti hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo huchukua baiti mbili kwa upande wa kushoto na mbili kwa upande wa kulia, hata jumla ikawa baiti 176,400 kwa sekunde moja. Programu inayopiga wimbo haihitaji kuushika wimbo wote kwa pamoja. Huufasiri kidogo kidogo kutoka katika faili, ikaweka mbele sekunde chache za tahadhari ili sauti isikatike, na sekunde tano za tahadhari hiyo hazifikii hata megabaiti moja. Ndiyo sababu Winamp ilipotoka mwaka 1997, miaka miwili tu baada ya watafiti wa Fraunhofer kule Erlangen, Ujerumani, kulichagua jina la MP3, iliweza kupiga nyimbo bila mashaka katika kompyuta za nyumbani ambazo kumbukumbu yake yote ilikuwa megabaiti 16 au 32, nayo ikigawanywa pamoja na mfumo wa uendeshaji. Kompyuta ya mtumba yenye gigabaiti nne, ambayo siku hizi watu huiita maskini, ina kumbukumbu mara 128 ya ile iliyokuwa na megabaiti 32. Basi programu ikilemewa humo, haikulemewa na wimbo.

Imelemewa na nini, basi? Sababu ya kwanza, na pengine iliyo kubwa kuliko zote, ni picha za majalada. Picha ya jalada ikiwa katika diski imebanwa, nayo huonekana ndogo. Lakini haiwezi kuonyeshwa kwenye kioo mpaka ikunjuliwe, na ikikunjuliwa kila nukta yake kwa kawaida huchukua baiti nne. Picha yenye nukta 3,000 kwa 3,000, ambayo katika diski haizidi megabaiti chache, ikikunjuliwa hufikia baiti 36,000,000. Na programu inayopanga ukutani majalada mia moja ya namna hiyo, bila kuyapunguza kwanza, imechukua baiti 3,600,000,000, yaani karibu gigabaiti nne zote, kwa ajili ya mapambo. Lau programu hiyo ingaliyapunguza majalada yale yawe nukta 200 kwa 200, ukubwa unaolitosha jicho katika orodha, mia yote yasingalizidi baiti 16,000,000. Tafauti ya mara 225 imetokana na uangalifu wa mtu mmoja aliyeandika mistari michache ya programu, au na kutoangalia kwake.

Sababu ya pili ni mafaili marefu yanayofasiriwa yote kwa mara moja. Santuri za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, zilibeba takriban dakika tatu kila upande, na programu yenye tabia hii mbaya ingezipiga bila mtu kushtuka. Lakini taarabu ya siku hizi wimbo mmoja waweza kwenda robo saa, nao ukifasiriwa wote kwa kipimo cha CD huchukua baiti 158,760,000; na watu wetu wengi wamehamishia katika kompyuta kaseti za wazee wao, upande mzima ukiwa faili moja, hata upande mmoja wa kaseti ya dakika 90 ukawa baiti 476,280,000. Mwenye kuona kumbukumbu inaruka ghafla kila faili refu linapoanza, kisha inashuka linapokwisha, amekwisha kuijua illa ya programu yake pasipo kuuliza mtu: urefu wa wimbo haupasi kuongeza gharama ya kuusikiliza.

Sababu ya tatu ni kwamba programu nyingi za leo zimebeba ndani yake kivinjari kizima cha intaneti. Spotify ya kompyuta, mathalan, imejengwa juu ya injini ya Chromium, ambayo ni msingi ule ule wa kivinjari cha Google; na msingi huo huja na michakato yake kadha wa kadha, kila mmoja ukishika sehemu yake ya kumbukumbu kabla wimbo wa kwanza haujasikika. Wajenzi wana udhuru wao, nao si wa kupuuzwa, kwani kwa njia hiyo hujenga sura moja ikatumika katika mifumo yote; lakini kazi waliyojipunguzia imehamia katika mashine ya msikilizaji, na hakuna aliyemwomba ruhusa.

Historia ya iTunes ni ushahidi wa jinsi mzigo unavyokua bila ya mtu mmoja kuukusudia. Apple iliitoa Januari 2001 kuwa programu ya kupanga na kupiga muziki. Mwaka 2003 ikaongezewa duka la nyimbo, mwaka 2005 ikaongezewa video, mwaka 2007 ikapewa kazi ya kuhudumia simu za iPhone, na mwaka 2008 ikawa mlango wa duka la programu za simu hizo. Kila nyongeza ilikuwa na hoja yake na wateja wake, lakini jumla yake ilikuwa programu moja iliyolazimika kujua kila kitu ili imwimbie mtu wimbo mmoja. Na mnamo Oktoba 2019 wenyewe walioijenga, katika mfumo wa kompyuta zao za Mac, waliigawa ikawa programu tatu, moja ya muziki, moja ya podikasti na moja ya televisheni. Sina ithibati kubwa kuliko hiyo ya kwamba nyongeza njema zikikusanywa pasipo kiasi huzaa jambo lisilofaa.

Baada ya kuzijua sababu yatupasa kupambanua mambo mawili ambayo kwa macho hufanana, nayo ni akiba na mvujo. Programu ikiweka karibu orodha ya nyimbo na picha zilizotazamwa punde, ili isizitafute tena katika diski, hiyo ni akiba, na alama yake ni kwamba kumbukumbu hupanda mwanzoni kisha hutua mahali ikakaa. Mvujo ni programu kukopa kipande cha kumbukumbu kutoka katika mfumo wa uendeshaji, ikakimaliza kazi yake, ikasahau kukirudisha, kisha ikakopa kingine. Na alama yake ni kupanda kusikokoma, hata kama ni kwa kidogo kidogo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na programu yenye mvujo huishi katika harusi ya daima, matanga akiachiwa mwenye kompyuta pale mfumo unapoishiwa na kuanza kuhamishia mambo katika diski, ambayo katika mashine zetu za zamani ni diski ya kuzunguka, polepole, hata sauti yenyewe ikaanza kukwama.

Namna ya kupambanua ni sahali, nayo yahitaji saburi kuliko elimu. Fungua programu bila kupiga wimbo wowote, iache itulie, kisha tazama inachoshika: katika Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na katika Linux andika amri ya top. Hapa tahadhari yahitajika, kwa kuwa top huonyesha zaidi ya tarakimu moja, na ile iliyo chini ya neno VIRT, ambayo aghalabu ni kubwa ya kutisha, ni anwani tu ambazo programu imetengewa, nyingi zikiwa hazina kitu. Iliyo karibu na haki ni ile ya RES, ambayo ni kumbukumbu iliyokaliwa kweli, na hata hiyo imechanganyika na maktaba zinazotumiwa na programu nyingine pia. Watu wengi wameihukumu programu isiyo na hatia kwa kusoma safu isiyostahili. Ukisha kuandika kipimo cha kwanza, piga orodha ile ile ya nyimbo ijirudie kwa saa kadhaa, ukiandika kipimo kila baada ya nusu saa. Tarakimu zikitua, una akiba, na swali lililobaki ni kama ukubwa wake wakufaa. Zikizidi kupanda ilhali nyimbo ni zile zile, una mvujo, na hakuna udhuru unaoweza kuuhalalisha.

Ukisha kuujua ugonjwa, tafuta mahali unapokaa kwa kugawanya nusu kwa nusu. Zima viongezo vyote, yaani mashairi ya nyimbo yanayoletwa kutoka intaneti, michoro inayocheza na sauti, na ukuta wa majalada, kisha pima; hali ikitengenea, rudisha nusu ya viongezo, upime tena, mpaka ubaki na kimoja. Hali isipotengenea, jaribu kwa maktaba tupu, na ikiwa uzito umeondoka, basi tatizo limo katika mafaili yenyewe, pengine moja lililoharibika maandishi yake au lililobandikwa picha kubwa kupita kiasi. Hapo yagawanye mafaili vivyo hivyo. Mwenye nyimbo 8,000 ataifikia iliyo na kasoro kwa kugawanya mara 13 tu, na anayezikagua moja moja atakesha.

Najua kuna hoja mbili zitakazotolewa kunipinga. Ya kwanza husema kwamba kumbukumbu isiyotumika ni kumbukumbu iliyopotea, na kwa hivyo programu ikiishika yote imefanya wema. Hoja hii ni ya kweli ikisemwa juu ya mfumo wa uendeshaji, ambao hujaza nafasi iliyo tupu kwa nakala za mafaili, kisha huiachia mara programu nyingine inapoihitaji. Lakini ikisemwa juu ya programu moja moja si kweli, kwa kuwa kilichoshikwa na programu kuwa chake mwenyewe, mfumo hauwezi kukitoa na kukitupa, na kila programu ikijidhania iko peke yake nyumbani, nyumba haitakalika. Hoja ya pili husema kumbukumbu siku hizi ni rahisi. Ni rahisi kwa nani? Yako majumba ambamo kompyuta moja ya mtumba huandika barua za baba, husomesha watoto na kuwapigia wote muziki, na ndani yake kumbukumbu haiongezeki kwa kuwa bei imeshuka katika nchi nyingine. Fauka ya hayo, mvujo hauponi kwa kuongezewa nafasi. Huchelewa tu kumfikisha mtu pale pale.

Mwaka 1995, mwezi wa Februari, mwanachuoni Niklaus Wirth wa Uswisi, mwenye lugha ya Pascal, aliandika katika jarida la Computer akiomba programu ziwe nyembamba, na akalalamika kwamba programu huongezeka uzito kwa kasi kupita ile ambayo mashine huongezeka wepesi. Hakuishia katika kulalamika, kwani pamoja na Jürg Gutknecht kule Zurich alikuwa amekwisha kuujenga mfumo wa Oberon ili kuonyesha kwamba wembamba wawezekana. Nimemtaja kwa sababu jambo aliloliomba halikuwa ubahili bali insafu: mjenzi ajue kila anachokitwaa, akitwae kwa sababu, na akirudishe.

Kwa wajenzi wa programu, miongoni mwao vijana wetu wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi ambao sasa wanaandika programu zinazotumiwa mbali na kwao, nasema mashine ya kujaribia kazi yenu iwe ile ya mteja aliye mnyonge kuliko wote, wala isiwe ile iliyo mezani kwenu. Kwa wasikilizaji nasema acheni kuwaandikia mafundi kwamba programu ni nzito, kwa kuwa neno hilo halina mahali pa kushikwa; waandikieni toleo la programu, jina la mfumo wa uendeshaji, idadi ya nyimbo, kipimo cha mwanzo, kipimo cha baada ya saa kadhaa, na kiongezo ambacho kikizimwa uzito huondoka. Barua ya namna hiyo, hata ikiwa ya mistari sita, mjenzi mwaminifu hawezi kuitupa, maana imemwonyesha mahali pa kupasua. Na mjenzi asiyeijali amejibu swali lililokuwa muhimu kuliko yote, kwani zipo programu nyingine zinazoimba kwa gharama ndogo, na kuhama hakuhitaji ruhusa ya mtu.