Kijani cha uongo

Nimetoka zamu ya usiku, niko kwangu Hodge Hill, chai mezani, na leo nina la kusema.

Mdogo wangu yuko Dar, anatengeneza programu ya zahanati. Mashine inayoiunda huweka kopi ya msimbo karibu, isile bando kila mara. Umeme ukakatika kopi ikiandikwa, ikaharibika. Siku 3 kijana anabonyeza "jaribu tena". Mwisho akaiamuru mashine: ukishindwa, endelea na kopi ya zamani. Taa ikawaka kijani. Akafurahi!

Jamani! Marekebisho ya dozi ya watoto yamebaki nje, na zahanati inaambiwa mambo safi.

Msiniambie nesi hajui kompyuta. Git hukipa kila inachohifadhi jina linalotokana na yaliyomo, kwa kawaida herufi na tarakimu 40 za SHA-1. Yakibadilika hata chembe, jina halilingani. Amri ya git fsck inayakagua yote. Basi kagua! Kopi mbovu iweke kando, vuta mpya kutoka hazina kuu, kisha ipime na diski. Ikishindikana, kazi isimame, taa iwe nyekundu.

Mtasema bando ghali. Kweli, ndiyo maana kopi iwepo. Lakini chanjo iliyoharibika kwa joto haturudishi kwenye friji tukaomba ipone. Kutupa kopi si hasara. Hasara ni mtoto kupewa dozi ya jana.

Mnasemaje, wadau?