Wazee Wasisukumwe Pembeni

Makala ya juma lililopita ilidai kwamba bustani za umma zijengwe kwa ajili ya vijana, wazee watengewe kona tulivu wapumzike. Sikubaliani hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki, yakiwemo ya kuzuia kuanguka. Watayafanyia wapi, pale konani?

Mzee haikimbii bustani kwa kupenda upweke. Anakimbizwa na benchi la zege lisilo na egemeo wala mikono: akishaketi, mwenye goti bovu hana pa kushika ainuke. Anakimbizwa na choo kilichotiwa kufuli, wakati kisukari hakimpi nafasi ya kusubiri afike nyumbani.

Waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar waliweka baraza mbele ya nyumba, kando kabisa ya njia. Mzee huketi hapo akaamkiwa na kila apitaye, akaulizwa habari, akacheza bao. Hakuna aliyemtenga. Wanaochora bustani leo waweke mabenchi yenye egemeo na mikono kwenye njia kuu, chini ya miti, na vyoo vifunguliwe mchana kutwa.