Panya wa Maabara na Ng'ombe wa Kibwezi

Mpenzi msomaji, usicheke. Panya ninaotaka kuwazungumzia si wale wanaotoboa magunia ya mahindi stoo, wala wale wa bweni wanaokula sabuni zetu usiku. Hao nawaachia mwalimu wa zamu. Nataka kuwatetea panya wanaofugwa maabara, na hasa wale wanaobadilishwa uboho.

Katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita, hoja ilikuwa kwamba wanyama wasitumiwe katika utafiti. Msemaji mmoja wa upande wa kuunga mkono alisimama, akakohoa kama mbunge, kisha akauliza: "Hao panya wa Wazungu wamemfaa nani Kitui? Wamemfaa nani Makueni?" Makofi nusura yang'oe mabati. Kengele ikalia kabla hajajibiwa. Basi jibu langu ni hili, maana swali lenyewe si baya hata kidogo.

Uboho kila mtu anaujua. Ni ule ute mtamu tunaoufyonza tukivunja mfupa wa mbuzi siku ya Krismasi. Huko ndiko damu inakotengenezwa. Panya akipigwa mionzi mikali, uboho wake hufa, naye mwenyewe hufuata baada ya wiki mbili hivi. Lakini mwaka wa 1951, ulimwengu ukiwa bado unatetemeka kwa habari za Hiroshima, Egon Lorenz na wenzake kule Marekani walionyesha kwamba panya aliyepigwa mionzi akidungwa uboho wa mwenzake anaweza kuokoka.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Panya wa kutoa uboho huuawa kwanza. Mifupa yake ya mapaja hutolewa, ikakatwa ncha zote mbili, kisha maji maalumu husukumwa kwa sindano upande mmoja na uboho ukatokea upande wa pili kama uji mwekundu. Huchujwa, seli zikatenganishwa, zikahesabiwa kwa hadubini. Halafu seli milioni moja au zaidi hudungwa katika mshipa wa mkia wa panya mgonjwa. Mkia hupashwa joto kwanza ili mshipa utanuke, kwa sababu mshipa wenyewe ni mwembamba kama uzi. Na hapa ndipo penye ajabu: zile seli hazionyeshwi njia. Zikidungwa mkiani huingia katika mkondo wa damu, zikaenda zenyewe hadi ndani ya mifupa, zikaanza kazi. Mwaka wa 1961 James Till na Ernest McCulloch wa Toronto waliona vinundu juu ya bandama za panya wa aina hii siku kama kumi baada ya sindano, na baadaye ikathibitishwa kuwa kila kinundu kilizaliwa na seli moja tu. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo, lakini hawa kweli wamelichimba. Daktari E. Donnall Thomas, aliyeifikisha kazi hii kwa wagonjwa wa saratani ya damu, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1990. Kila harambee inayofanywa hapa Kenya kumpeleka mgonjwa India akabadilishiwe uboho ina deni kwa panya.

"Sawa," utaniambia, "lakini hiyo ni India." Haya, twende Kibwezi.

Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilipofungua makao mapya ya Makueni, ilibidi msitu ufyekwe kwanza ili mbung'o wafukuzwe, ndipo watu wahamie na mifugo yao. Mbung'o hakwenda mbali. Pande za Kibwezi na kusini mwa Kitui kunakopakana na Tsavo yungali yupo, na ugonjwa wa nagana pamoja naye. Mjomba wangu alipoteza maksai wawili katika mwaka mmoja. Walikonda, manyoya yakasimama, ukifunua kope unaona weupe mtupu, damu hakuna. Msimu ule shamba lililimwa kwa jembe la mkono, robo tu ya lile la kawaida, na binamu yangu akakaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Kwa hivyo mtu asiniambie nagana ni shida ya ng'ombe peke yao.

Dawa zipo, lakini vimelea vingine vimeshazizoea. Chanjo haipo, kwa sababu kimelea cha nagana ni mjanja: kinga ya mwili ikikaribia kumtambua, anabadilisha koti. Hata hivyo wako ng'ombe wasioanguka ovyo. N'Dama wa Afrika Magharibi huumwa na mbung'o, akaugua, na akaendelea kuishi. Boran wetu hufa. Je, nguvu ya N'Dama imo katika uboho wake, ama imo mahali pengine mwilini?

Swali hili lilishughulikiwa hapa hapa Kenya, pale Kabete, katika maabara ya ILRAD iliyoanzishwa mwaka wa 1973 na ambayo katikati ya miaka ya 1990 iliingia katika taasisi mpya, ILRI. Walianza na panya. Panya weusi wa aina ya C57BL/6 wakiambukizwa nagana huishi muda mrefu kuliko wale wa A/J, na mwaka wa 1997 watafiti walitangaza sehemu tatu za urithi wa panya zinazohusika na tofauti hiyo. Lakini panya si ng'ombe, na hapo nakubaliana kidogo na msemaji wetu. Ng'ombe wa nagana huuawa hasa na upungufu wa damu; panya ana njia yake nyingine ya kufa. Ilibidi swali la uboho lirudishwe kwa ng'ombe mwenyewe, na kumpiga ng'ombe mzima mionzi si mchezo.

Waliponea wapi? Kwa mapacha. Mfugaji yeyote atakuambia mtamba aliyezaliwa pacha na dume aghalabu huwa tasa. Sababu ni kwamba damu zao huchanganyika tumboni. Ray Owen wa Marekani aligundua mwaka wa 1945 kwamba ng'ombe mapacha hubaki na seli za damu za wenzao hata ukubwani. Ugunduzi huo wa zizini ndio uliompa Peter Medawar wazo la kujaribu jambo kama hilo kwa panya, akatoa matokeo yake mwaka wa 1953 na kupata Nobel mwaka wa 1960. Umeona safari hiyo? Kutoka kwa ng'ombe hadi kwa panya, na Kabete wakairudisha kwa ng'ombe. Kiinitete cha N'Dama na cha Boran viliwekwa katika tumbo la mama mmoja. Wakazaliwa mapacha wenye uboho mchanganyiko, bila mionzi, bila sindano ya mkia. Sehemu kubwa ya seli zao za damu ikawa ya Boran.

Matokeo yalipotoka mapema miaka ya 2000 yalikuwa ya kusisimua. N'Dama mwenye damu ya Boran alipoambukizwa, aliishiwa damu kama Boran. Lakini vimelea mwilini mwake alivizuia vizuri, kama N'Dama halisi! Kumbe ni nguvu mbili: ya kulinda damu, inayokaa katika uboho, na ya kuzuia vimelea, inayokaa kwingineko. Anayetaka kuzalisha ng'ombe wa kuvumilia nagana hana budi kuzitafuta zote mbili.

Sasa ukatili. Sikatai kwamba panya hufa. Kanuni za maabara nzuri hudai wapunguzwe idadi, wauawe bila maumivu, na pasipo lazima wasitumiwe. Naziunga mkono, tena zikazwe. Ila anayewalilia panya wa Kabete huku akiweka sumu stoo kila Jumamosi, huyo simwelewi.

Linaloniudhi mimi ni jingine. Kutoka Kabete hadi Kibwezi ni safari ya saa chache kwa barabara ya Mombasa, lakini elimu hii haijapanda basi. Miaka ya 1980, katika ranchi ya Galana, ilionekana kwamba Boran wa Waorma hustahimili nagana kuliko Boran wa ranchi. Ni majirani zetu wa Tana! Lakini nenda kijijini uone: mtu mwenye fedha anatafuta fahali mkubwa wa kigeni, na wa Orma anamdharau kwa udogo wake. Je, nani amewahi kumweleza kwa lugha anayoielewa?

Kazi hiyo ni yetu, wanachama wa Kiswahili. Uboho, kimelea, kiinitete: maneno tunayo. Ninapendekeza kwa mlezi wa chama kwamba safari ya mwaka huu isiwe ya Fort Jesus tena, iwe ya Kabete. Tukirudi tuandike kurasa mbili za Kiswahili na mbili za Kikamba, tuzipige chapa, na tukazigawe Emali siku ya soko la mifugo, kabla watu hawajalipia fahali.