Mto Wetu Hauna Msomaji



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe shauri moja juu ya mto Simiyu. Wengi wetu twauvuka mto huu kila tuendapo nyumbani na kila turudipo shuleni. Hata hivyo, sidhani kama yuko kati yetu awezaye kusema leo asubuhi maji yake yalifika wapi. Mimi mwenyewe siwezi. Naona ni jambo la kutuonea haya, kwa kuwa shule hii ina mamia ya wanafunzi wanaosoma Jiografia na Fizikia, na kutoka hapa mpaka ukingoni ni mwendo mfupi wa miguu.

Sababu ya kuandika ni hii. Nilipokuwa darasa la sita, mwezi wa Desemba, mto uliingia nyumbani kwetu. Sisi twakaa bondeni, chini ya hapa, karibu na mahali mto unapomwagika katika Ghuba ya Speke. Baba alikuwa amelima majaluba matatu ya mpunga, na kandokando ya maji tulikuwa na bustani ya nyanya na vitunguu. Siku ile hapakunyesha hata tone moja. Jua liliwaka mpaka magharibi, tukala, tukalala. Usiku wa manane tuliamshwa na ng'ombe wa jirani wakilia, kumbe maji yamekwisha kufika zizini. Hatukupoteza mtu, namshukuru Mungu. Lakini jaluba hata moja halikuonekana asubuhi, na pampu ya kumwagilia, ambayo baba aliinunua kwa mkopo wa kikundi, ilikwenda na maji pamoja na mabomba yake. Mkopo haukwenda na maji. Tuliulipa kidogo kidogo kwa miaka miwili. Dada yangu, aliyekuwa amefaulu kuingia sekondari Januari ile, alikaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu hapakuwa na fedha ya sare, godoro wala nauli.

Baadaye ndipo tuliposikia kwamba huko juu, upande wa Maswa na Bariadi, mvua kubwa ilikuwa imenyesha siku mbili. Watu wa juu waliuona mto umejaa. Waliuona kwa macho yao, wakasimama ukingoni wakishangaa, kisha wakarudi makwao. Hapakuwa na ubaya katika hilo, maana hakuna aliyepewa kazi ya kutuambia. Kila mmoja wao alikuwa na simu mfukoni, nasi vivyo hivyo, na usiku ule hakuna simu iliyolia.

Yafaa niseme pia, kabla wengine hawajalisema, kwamba bustani yetu ilikuwa ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza watu kufanyia shughuli zao. Baba alijua. Majirani nao walijua. Udongo mzuri uko pale pale mto unapoufikia, na mwenye njaa haendi kulima juu ya mawe. Lakini nyumba yetu na zizi la jirani vilikuwa mbali zaidi ya hapo, na maji yalivifikia.

Sasa, wako wanaochanganya mto na ziwa, na kosa hili ni kubwa. Ziwa hupanda polepole kwa miezi, na likisha kupanda hukaa. Mvua za mwisho wa 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata Uhuru, ziliendelea na nyingine baada yake hata ziwa likapanda karibu mita mbili na nusu kufikia 1964. Katika kipimo cha Jinja, Uganda, mahali Nile inapotoka ziwani, maji yalisoma mita 13.41 mwezi wa Mei 1964. Watu walidhani hayatarudi hapo tena. Mei 2020 yakaipita alama hiyo kidogo, na 2024 yakapanda juu yake zaidi. Shangazi yangu, auzaye dagaa mwaloni, alihamisha vichanja vyake mara tatu mwaka ule wa 2020. Alihama bila kukimbia, kwa kuwa ziwa lilimpa nafasi. Tena sehemu kubwa ya maji ya ziwa, kadiri ya sehemu nne katika tano, ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na mito yote huleta iliyobaki.

Mto hautoi nafasi hiyo. Simiyu wakati wa kiangazi ni mchanga na vidimbwi, hata watoto huucheka. Kisha huja kwa usiku mmoja, na baada ya siku chache umekwisha. Lakini ziwa likiwa juu, mto hukosa mahali pa kumwaga maji yake upesi, ukarudi nyuma na kusambaa bondeni. Kwa hiyo mtu wa bondeni hana budi kujua mambo mawili kwa pamoja: ziwa limesimama wapi, na mto unakuja na nini.

Habari za ziwa twazipata, maana lapimwa tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa. Habari za mvua twazisikia redioni kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambao hutuambia vuli itakuwa ya wastani au juu ya wastani katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Nawapongeza. Lakini "juu ya wastani" haimwambii baba yangu kama alale au ahamishe pampu usiku wa leo. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyoko Mwanza, ndiyo yenye kazi ya kupima mito yetu. Bonde ni kubwa mno, lakini. Toka Kagera mpaka Mara kuna mito mingi, na mtu mmoja hawezi kusimama kila daraja. Mimi nasema shule ziwasaidie.

Nimewauliza wazee. Babu yangu, ambaye alikuwa mtoto wakati wa mvua za 1961, husema kwamba dalili za mafuriko zinajulikana: upepo ukigeuka, siafu wakihama bondeni, vyura wakilia kwa namna fulani. Siwadharau siafu. Tena babu huweza kuonyesha maji yalifika wapi mwaka ule. Yalifika kwenye mkuyu mkubwa. Shida ni kwamba mkuyu ulikatwa zamani, naye sasa huonyesha mahali mkuyu ulipokuwa, na kila mwaka mahali penyewe pasogea kidogo. Mwaka jana mkuyu ulikuwa nyuma ya jiko letu. Hatuwezi kujenga ghala kwa kufuata mkuyu wa namna hiyo.

Wamisri walilijua jambo hili zamani sana. Katika kisiwa cha Roda, mjini Cairo, wanayo nguzo ya mawe iliyosimamishwa mwaka 861, yenye alama za kusomea Nile inavyopanda. Kwa alama hizo walijua kama mwaka utakuwa wa njaa, wa shibe au wa mafuriko, na hata kodi ilikadiriwa kwa hesabu hiyo. Sehemu ya maji waliyoyasoma yalitoka ziwani kwetu. Basi walio mbali walikuwa wakiyasoma maji yetu kabla yetu sisi.

Hatuna haja ya kwenda Misri. Jirani zetu wa Budalang'i, nchini Kenya, wanakaa mahali mto Nzoia unapoingia katika ziwa hili hili. Kingo zao za udongo zimebomoka mara nyingi, na watu wamelala makambini mwaka baada ya mwaka. Huko mto hupimwa kwenye daraja la Rwambwa, na idara yao ya hali ya hewa iliwasaidia kuanzisha redio ndogo ya kijiji, Bulala FM, ili habari za mto ziwafikie wananchi kwa lugha yao. Mafuriko hayakukoma kwa ajili ya redio. Lakini mtu akiambiwa mchana, hubeba mtoto, godoro na mbuzi. Asipoambiwa, hubeba mtoto tu.

Shauri langu ni hili. Tuombe Bodi ya Maji watuonyeshe mahali pafaapo, penye ukingo ulionyooka na maji yasiyozunguka, kisha tusimamishe mbao za kupimia zenye alama za sentimita. Zisiwe ubao mmoja. Ziwe kadhaa, zikipanda ukingo kama ngazi, ili maji yakiufunika wa chini tuusome wa juu. Kitu kikubwa kuliko vyote ni alama ya kudumu kwenye mwamba au kwenye zege, inayojulikana kimo chake, ili mbao zikichukuliwa na mto tuzirudishe kwa kimo kile kile. Bila alama hiyo, daftari letu litakuwa mkuyu wa babu. Pamoja na hizo tuwe na chombo cha kupimia mvua hapa shuleni, kisomwe kila siku saa tatu asubuhi.

Mto usomwe asubuhi na jioni, na ukianza kupanda usomwe kila saa. Namba iandikwe kwa wino, pamoja na saa na jina la aliyesoma. Asiyekwenda aandike kwamba hakwenda; asibuni namba akiwa kitandani. (Wenzangu wa bweni la kwanza wanajua kwa nini nasema hivi.) Kisha tupate shule mwenzetu huko juu ifanye vivyo hivyo. Tukilinganisha madaftari mawili kwa misimu michache, tutajua mto ukipanda kwao huchukua saa ngapi kufika kwetu. Hizo saa ndizo tunazozitafuta. Kama ni saa nane tu, bado zatosha kuhamisha ng'ombe.

Nayajua matatizo. Kwanza, vyuma huibwa vikauzwa kama chuma chakavu; kwa hiyo mbao ziwe za mti, zipakwe rangi, ambazo hazina soko. Pili, wanafunzi haturuhusiwi simu, na mimi sibishani na sheria hiyo katika makala hii. Mwalimu wa zamu apige simu kwa wenyeviti wa vitongoji vya bondeni maji yafikapo mstari mwekundu, nao wapige filimbi kama wafanyavyo sungusungu palipo na wizi. Tatu, wako wasemao kwamba siku hizi kuna mitambo ijisomayo yenyewe na kutuma habari kwa simu. Ni kweli, nayo ni mizuri. Lakini mtambo ukiishiwa nguvu hausemi kwamba umeishiwa, na mtu wa kwenda kuutazama atahitajika vile vile.

Tatizo la nne ndilo linaloniumiza kichwa. Shule hufungwa mwanzoni mwa Desemba, na vuli yetu hunyesha Novemba na Desemba. Mto ulioingia kwetu uliingia wakati wa likizo. Tukiuacha ubao bila msomaji mwezi ule, ni heri tusiuweke kabisa, maana watu wa bondeni watalala wakidhani tunawaangalizia. Kwa hiyo kazi hii haiwezi kuwa ya wanafunzi wa bweni peke yetu. Lazima ishikwe na wenzetu wa kutwa na wazazi wanaokaa karibu na daraja, nao walipwe kitu kidogo na serikali ya kijiji kwa miezi ile. Wazazi mtakaosoma ukurasa huu, nawaomba mlizungumze katika mkutano wa kijiji kabla ya kupanda mpunga.

Wenzetu sita wa kutwa wamekwisha kukubali. Kwa Mwalimu Mkuu twaomba ruhusa, daftari moja kubwa lenye jalada gumu, na kopo moja la rangi nyekundu. Zamu ya Jumatatu asubuhi nimejiandika mimi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu