Siku ya sevisi isiwe na hesabu

Kuna kauli inayoniudhi kuliko zote zinazosikika kwenye stendi za huku Kagera, za Ngara, Benaco, Lusahunga na Biharamulo mjini, na hutamkwa kwa utulivu, kana kwamba ni uamuzi wa biashara uliopigiwa hesabu vizuri: "Hii tunaimalizia tu." Inasemwa juu ya Toyota Probox au Succeed iliyovuka kilomita laki tatu na ambayo bado inapakia abiria kila siku. Maana yake ni kwamba oili haitamwagwa kwa wakati, bushi hazitabadilishwa, rejeta itajazwa maji ya bomba, na kila shilingi itakayopatikana itakwenda kwa bosi mpaka siku gari litakapolala barabarani. Mwenye gari wa namna hiyo anaendesha biashara kwa kukopa usalama wa dereva na abiria wake, na hana mpango wa kulipa. Gari lililokwenda mbali linahitaji matunzo mengi kuliko lilipokuwa jipya, na sisi huku tunayakata pale pale yanapohitajika zaidi.

Tupige hesabu ndogo. Kutoka Lusahunga hadi Rusumo, mpakani na Rwanda, ni kilomita 92. Mchomoko, yaani gari dogo la abiria kama hizo Probox, unaokwenda na kurudi mara mbili kwa siku unakata kilomita 368, na kwa siku 26 za kazi unapita 9,500. Kwa hiyo mwenye gari anayejisifu kwamba anamwaga oili kila mwezi bila kukosa, anaiacha ifanye kazi karibu mara mbili ya zile kilomita 5,000 ambazo mafundi wengi huziweka kuwa kikomo cha oili ya kawaida. Kwa mwendo huo sevisi inatakiwa kila baada ya wiki mbili na siku chache. Kalenda inalifaa gari la mwalimu linalotoka nyumbani kwenda shuleni na kurudi. Gari la abiria lihesabiwe kwa kilomita, kwa sababu ndani ya mwaka mmoja linaongeza zaidi ya laki moja.

Injini ya 1NZ, iliyomo kwenye Probox, Succeed na IST nyingi zinazotembea Kagera, haiogopi umri. Haina mkanda wa taimingi. Ina cheni, na kinachoikaza cheni hiyo kinasukumwa na presha ya oili. Sampu yake inachukua kama lita 3.7. Injini iliyochakaa huanza kula oili, kwa kuwa ringi za pistoni zimelika au zimeganda masizi. Ikila lita moja kati ya sevisi na sevisi, zaidi ya robo ya oili yote imeondoka, na iliyobaki inafanya kazi ya iliyokwisha. Ndipo asubuhi, injini inapowashwa, unasikika mkwaruzo wa sekunde chache upande wa cheni, kisha unanyamaza, na safari inaanza. Kuchomoa stiki ya oili na kuifuta kwa kitambaa kungeonyesha tatizo hilo kabla abiria wa kwanza hajapanda. Hali ni hiyo hiyo kwenye rejeta. Gari likichemsha mlimani, dawa ya haraka imekuwa kung'oa thamostati na kujaza maji matupu. Maji hayo yanaleta kutu kwenye njia zake, na injini isiyo na thamostati inachelewa kufika joto lake, hivyo inakunywa petroli zaidi. Aliyeokoa bei ya kulanti anailipa kituo cha mafuta, tena kila siku.

Lakini kinachonitisha zaidi ni oili ya breki. Inanyonya unyevu wa hewa kadiri miaka inavyokwenda, wala kwa macho huwezi kujua imefika wapi. Kwenye mteremko wa kushukia bonde la Mto Kagera kuelekea Rusumo, dereva akikanyaga breki mfululizo, zinapata moto, maji yaliyomo ndani ya oili ile yanageuka mvuke, na pedali inazama hadi chini. Gari hilo hilo liliondoka stendi breki zikiwa zinashika vizuri. Mzigo nao unaongeza moto huo: Toyota waliitengeneza Probox ya mizigo ibebe watu wawili na kilo 400, au watu watano na kilo 250. Sisi tunawabana watu tisa, na magunia nyuma, halafu tunalaumu uzee wa gari.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza ni kwamba barabara ndiyo mbaya, malori ya Kigali na Bujumbura yameichimba, kwa hiyo bushi mpya ni kutupa pesa. Hata hivyo, shimo halimzuii mtu kubadilisha oili, na boljointi iliyolegea ni hatari zaidi kwenye barabara mbovu kuliko kwenye nzuri. La pili ni kwamba afadhali kuuza na kuagiza jingine. Linaloagizwa nalo ni mtumba, forodha inatoza ushuru wa ziada wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka kumi, na mnunuzi anapokea kilomita za mtu mwingine bila kujua gari lilitunzwaje. La tatu, kwamba spea za uhakika ni ghali, lina ukweli wake. Lakini vitu ambavyo vikipuuzwa huua magari haya mapema ni oili, filta, kulanti na oili ya breki, ambavyo ndivyo vya bei ndogo kuliko vyote.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya serikali. Ng'ambo ya daraja la Rusumo, Polisi ya Rwanda inapima magari ya abiria kwa mashine kila miezi sita. Sisi tunategemea jicho la trafiki na stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama. Ningefurahi kuiona mashine hiyo Benaco kesho. Ila mashine itapima gari siku mbili kwa mwaka, na siku zilizobaki zitaamuliwa na hesabu, yaani pesa ambayo dereva humpelekea bosi kila siku. Dereva anayedaiwa hesabu jioni hawezi kutoa taarifa kwamba breki zinalia, maana gari likilala gereji naye amelala njaa; na akiomba pesa ya sevisi, bosi anamshuku wizi. Basi anafunga mdomo, na akichoka anamwachia usukani deiwaka, dereva wa kumshikia kwa muda, ambaye hata hajui kwamba kuna kelele ya kuogopa.

Kwa hiyo wamiliki waweke daftari la kilomita ndani ya gari, watenge pesa ya sevisi kwa kila kilomita 5,000 kabla ya kuhesabu faida, na siku ya sevisi dereva asidaiwe chochote. Ni siku mbili kwa mwezi, kwa kweli nusu siku mbili. Injini ikifa, gari linakaa gereji wiki nzima likisubiri injini ya mtumba kutoka Mwanza, na hesabu za siku hizo bosi hazidai kwa yeyote. Anayeona nusu siku mbili ni nyingi ajipakie kiti cha nyuma pamoja na wanawe, ateremke nao mpaka Rusumo kwa oili ya breki anayowapa abiria.